Tundu Lisilo na Mwenyewe

Kitu kilichozoewa na watu wengi hakiondolewi bila ya maneno. Tarehe 7 Septemba 2016, kampuni ya Apple ya Marekani ilipoonyesha simu yake mpya, iPhone 7, watu waliona kuwa tundu dogo la mviringo, ambamo waya wa vipokea sauti huchomekwa, halimo tena. Phil Schiller, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, alieleza kuwa sababu ya kuliacha ni ujasiri. Apple haikuwa ya kwanza: Oppo ya Uchina ilikwisha kutoa simu isiyo na tundu hilo mwaka 2012. Lakini kishindo cha mkubwa husikika mbali, na neno ujasiri lilizua ubishi mrefu.

Tundu hilo lina nasaba. Babu yake alizaliwa katika karne ya 19, kwenye mitambo ya kuunganishia simu, ambako wafanyakazi walichomeka na kuchomoa nyaya mchana kutwa ili mtu aongee na mwenzake. Chomeko la mitambo hiyo lilikuwa na upana wa milimeta 6.35. Mjukuu wake wa milimeta 3.5 alienea pamoja na redio ndogo za transista, akaingia katika Walkman ya Sony mwaka 1979, kisha katika kompyuta na simu. Kiwanda chochote kiliweza kumtengeneza, na kipokea sauti cha bei ya chini kiliingia katika chombo cha bei kubwa bila ya kuulizwa kabila.

Hoja ya kwanza ya wenye viwanda ni nafasi. Ndani ya simu janja hakuna pembe iliyo bure. Betri, kamera, spika na kitetemeshi hugombea mahali kama abiria katika jahazi lililojaa. Tundu si mdomo tu, bali ni handaki liingialo ndani. Betri ya iPhone 6s ilikuwa na uwezo wa mAh 1715. Ya iPhone 7 ilifika 1960, na kitetemeshi kikakuzwa pia. Hoja hii ina uzito, na haki haimruhusu mtu kuikataa kwa sababu tu aliyeitoa ni tajiri.

Hoja ya pili ni maji: kila mlango uliozibwa ni njia moja iliyopungua ya unyevu kupenya. Hii ni dhaifu zaidi. Galaxy S7 ya Samsung, iliyotoka mwaka ule ule wa 2016, ilikuwa na tundu, na juu ya hayo ilithibitishwa kuvumilia kina cha mita moja na nusu ya maji kwa nusu saa.

Hoja ya tatu ni kwamba waya umezeeka. Ni kweli kuwa waya hujifunga mafundo na hukatika shingoni. Lakini kipokea sauti kisicho na waya hubeba betri yake mwenyewe, nayo betri huchoka. Katika vingi vya vile vidogo vya masikioni imegandishwa ndani, hata inapokufa kifaa kizima hutupwa. Waya hauombi chaji, na ukikatika fundi mwenye kaa la kulehemu aweza kuuponya.

Iko hoja ya nne ambayo haikutajwa jukwaani. Mwaka 2014 Apple iliinunua Beats, kampuni ya vipokea sauti, kwa dola bilioni 3. Desemba 2016 ilianza kuuza AirPods zisizo na waya kwa dola 159. Kiunganishi cha waya wa zamani kiliwekwa bure katika sanduku la iPhone 7. Tangu mwaka 2018 simu mpya zilikuja bila yake, na mwenye kukitaka alikinunua. Nia hukaa moyoni, lakini faida huonekana daftarini.

Washindani nao hawakukaa mbali. Google ilijisifia tundu la simu yake ya Pixel mwaka 2016. Mwaka 2017 ikaliondoa katika Pixel 2. Samsung ilimcheka mwenzake, na mwaka 2019 ikamfuata kwa Note 10. Hujafa hujaumbika. Sony, iliyokwisha kuliacha, ililirudisha katika Xperia 1 II mwaka 2020. Marejeo hayo yaonyesha kuwa kuliondoa hakukuwa amri ya maumbile, kulikuwa uchaguzi.

Na katika uchaguzi lazima aulizwe ni nani alipaye. Katika simu zenye redio ya FM, waya wa vipokea sauti ndio antena. Msikilizaji wa Afrika Mashariki afuataye taarifa ya habari au mpira kwa simu hatumii intaneti wala salio. Auchomekapo waya, sauti huja. Kwake yeye tundu ni mlango wa dunia, na wauzaji wa simu za bei nafuu walijua hivyo walipoendelea kuliacha wazi.

Ujasiri ni sifa njema, lakini huwa kamili pale ajasirie anapobeba hasara mwenyewe. Hapa aliyejasiri alipata soko jipya, na gharama ikamwangukia mnunuzi. Tundu lile halikuwa na bwana wala mtumwa. Ndiyo maana lilidumu, na labda ndiyo maana halikuwa na mtetezi.