Kibali cha Nyumba ya Udongo

Jumatatu, 12 Juni 2023, Dodoma
Michoro ya nyumba yangu imerudi kutoka halmashauri. Hati ya kiwanja haina shida, ramani haina shida. Kilichokwama ni kuta za udongo. Bila muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, faili halisogei. Inaniuma, maana Wagogo wameishi hapa kwenye tembe, nyumba za udongo hadi paa, tangu enzi za mababu. Lakini aliyejenga tembe alijidhamini mwenyewe. Mimi naomba mtu mwingine anidhamini.

Jumatano, 14 Juni
Injinia kanipokea vizuri. "Mama, udongo siukatai. Ila nikigonga muhuri, ukuta ukianguka ni wangu. Niletee vipimo." Ametaka msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, mvua isirukie ukuta, paa lenye upenu mpana, na mkanda wa zege na nondo kuzunguka kuta zote juu ya madirisha, kwa kuwa tuko kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. New Zealand, nchi ya matetemeko, ina viwango rasmi vya nyumba za udongo tangu 1998. Basi inawezekana.

Alhamisi, 22 Juni
Tumefungua masanduku ya kipimo, yenye udongo uliokuwa ukikauka kivulini: urefu sentimita 60, upana na kina sentimita 4, ndani yamepakwa mafuta. Udongo wa kiwanjani tukausukumia upande mmoja; umesinyaa milimita 24. Ukisinyaa kati ya milimita 15 na 30, fundi huchanganya saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 16. Udongo wa kichuguu, tuliojaribu pia, umepasukapasuka, tumeuacha. Kesho tunaanza kufyatua tofali.

Jumatatu, 24 Julai
Tofali zimekaa chini ya turubai zikimwagiwa maji wiki nne. Maabara wamezilowesha kwanza ndipo wakazikandamiza hadi zikavunjika, kwa kuwa tofali la udongo likilowa hupoteza nguvu. Injinia ameisoma ripoti mstari kwa mstari, akaridhika kwa nyumba isiyo na ghorofa, akagonga muhuri.

Ijumaa, 18 Agosti
Kibali kimetoka. Ila jirani akitaka kujenga kwa udongo huuhuu, ataanza upya na kulipia maabara upya. Hilo si haki. Halmashauri iwe na vipimo vya udongo wa kila kata na mchoro wa mfano uliokwisha kupitishwa, mwananchi avikute kaunta. Jumatatu napeleka nakala ya ripoti yangu kwa mhandisi wa jiji, pamoja na barua ya kuomba hivyo.