Nani Aliyepima?

Tulifika North Carolina kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, nikiwa na miaka 12. Baba alisafisha ofisi usiku. Kwetu shahada ya kwanza ndiyo ilikuwa kilele: ukiipata, unaanza kazi, baba anapumzika.

Nikiwa mwaka wa tatu wa kemia, mshauri wa masomo alizitazama alama zangu, nzuri kabisa, akaniambia nitafute kazi ya ufundi maabara. Sikubisha. Nilijua uzamivu ni wa wenye mali.

Aliyenigeuza ni profesa wangu, mama Mweusi wa South Carolina. Siku moja baada ya kipindi aliniuliza nitasomea wapi uzamivu. Nikamwambia baba hana karo. Akanikalisha. Ndipo nikasikia kwamba kwenye sayansi, vyuo vingi vya Marekani havimtozi karo mwanafunzi wa uzamivu. Tena humlipa posho kwa kufundisha na kutafiti. Miaka mitatu chuoni, na hakuna aliyewahi kuniambia!

Aliniingiza katika programu ya McNair, inayogharimiwa na serikali kuu kuwaandaa vijana kama mimi kwa uzamivu. Ronald McNair, ambaye programu ina jina lake, alikuwa mtoto Mweusi wa Lake City, South Carolina. Akiwa na miaka 9 alinyimwa vitabu maktabani, akakataa kuondoka hata polisi walipoitwa. Alipata uzamivu wa fizikia MIT mwaka 1976, akafa ndani ya chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986. Profesa alinisimulia habari zake kama za kaka yake.

Kiangazi kile nililipwa kufanya utafiti. Lakini kazi ngumu ilikuwa insha ya maombi. Profesa aliirudisha mara saba. Kila nilipoandika "tulipima", alizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nimelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hajitaji mbele za watu; kuandika "nilipima" kulinitoa jasho. Yeye alishikilia: wanaochagua hawatakujua usipojitaja.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, baba aliuliza mara tatu ni kiasi gani tutalipa. Kisha akampigia simu baba mdogo aliyebaki Nyarugusu: "Wanamlipa mtoto asome!"

Sasa nami nafundisha. Juzi kijana mmoja Mweusi, wa kwanza kwao kufika chuo, aliniletea insha yake. Ilijaa "tulipima".

Nikamuuliza: "Nani aliyepima?"

Alitazama chini kitambo. "Mimi," akasema.