Nani Akae Golini Mbarara?

Kwenye timu ya mpira kuna nafasi kumi unazoweza kumjaribu mtu mpya bila kelele nyingi. Ya kumi na moja ni golini. Winga mdogo akipoteza mpira mara tano, watu wanacheka na mchezo unaendelea. Kipa mdogo akipoteza mmoja, umeshafungwa, na kijiji kizima kinampa jina jipya ambalo ataitwa nalo hadi Krismasi. Ndiyo maana Februari 2024, vijana wetu wa Nakivale walipoalikwa kwenda kucheza Mbarara, mabeki hawakunipa shida, washambuliaji hawakunipa shida. Shida yangu ilikuwa makipa wawili na goli moja.

Majina yao siandiki. Hapa kwetu majina yanatembea kuliko bodaboda. Nitasema Mkubwa na Mdogo tu, wenyewe watajijua.

Mkubwa ni Mrundi. Alifika 2015 akiwa mtoto wa shule ya msingi, sasa ana miaka ishirini na mbili, ana mke na mtoto mmoja. Amekaa golini miaka mitatu. Glavu ni zake, alizinunua sokoni Mbarara kwa pesa ya leja leja. (Kwa nyinyi wa mashirika ambao mmefika juzi: leja leja ni kulima shamba la mtu kwa siku, jioni unalipwa, kesho unatafuta tena.) Mdogo ana miaka kumi na sita. Anatoka upande wa Rutshuru. Alivuka mpaka 2022, mwaka ule M23 waliposhika Bunagana mwezi wa sita, akapita Nyakabande kule Kisoro, halafu basi likamleta huku kwetu.

Kwa mikono na miguu, Mdogo ni bora. Hilo hata Mkubwa analijua. Anaruka upande wa kushoto sawasawa na wa kulia, na mpira akiukamata hautoki. Tena anakuja mazoezini kila siku, anafika kabla yangu. Mkubwa kwa wiki anakuja mara moja, mara mbili. Kwa hiyo ukichukua ile sheria ya kila timu, kwamba asiyefanya mazoezi hachezi, jibu lilikuwa rahisi.

Lakini mimi ile sheria siiamini sana. Ni sheria nzuri kwa mtu anayepikiwa. Julai 2023 msaada wa chakula ulianza kutolewa kwa makundi: wengine walipata zaidi, wengine kidogo, wengine walitolewa kabisa. Mkubwa alikosa mazoezi kwa sababu alikuwa ameinama kwenye shamba la ndizi la mtu. Mdogo anakaa kwa shangazi yake, hana mtoto anayelia usiku. Nikimwadhibu Mkubwa kwa kulima, ni kama namwambia mpira ni wa wale wasio na familia. Na kuna jambo lingine. Kule Mbarara watu wangetuangalia. Hakuna aliyetuahidi kitu, lakini kila kijana alikuwa anawaza hivyo hivyo: labda kuna mtu wa timu atasimama pembeni. Mdogo ana miaka mingi ya kuonekana. Mkubwa hana mingi.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Wakati ule kombe la Afrika lilikuwa bado moto vichwani. Tarehe 28 Januari, Kongo walipocheza na Misri, kibanda cha video kilijaa mpaka watu wakasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya mabati. Moja kwa moja, penalti, kipa wa Misri akapiga mwamba, halafu Lionel Mpasi, kipa wetu, akaja kupiga yake akafunga. Nane kwa saba. Usiku ule sikulala kwa kelele. Kesho yake watoto wote wa uwanjani walitaka kuwa kipa, kitu ambacho sijawahi kukiona maishani.

Basi wazee wakachukua mfano hapo. Papa mmoja jirani yangu akaniambia, “Mpasi iko na miaka ngapi? Makumi mbili na kenda. Kipa ni kama pombe ya ndizi, ukifungua mbele ya wakati unakunywa maji.” Ana haki. Mpasi alikuwa anachezea Rodez, daraja la pili Ufaransa, hakuna aliyekuwa anamwimba. Alichelewa, na siku yake ikamkuta tayari.

Vijana nao wakaja na Donnarumma. Tarehe 25 Oktoba 2015 AC Milan walimweka golini dhidi ya Sassuolo akiwa na miaka kumi na sita na miezi minane. Aliyetolewa ni Diego López, mtu mzima, ambaye mwenyewe miaka miwili nyuma alikuwa amemkalisha Casillas benchi kule Real Madrid. Siku ile Donnarumma alifungwa goli la mpira wa adhabu. Milan walishinda 2-1, na hawakumtoa. Mimi hapo naangalia hiyo sehemu ya mwisho kuliko ile ya miaka kumi na sita. Kumweka mtoto siku moja, kila kocha anaweza. Je, akifungwa goli la ovyo, Jumamosi inayofuata utamweka tena? Kama jibu lako ni hapana, usimweke hata hiyo ya kwanza.

Rafiki yangu ambaye alipata nchi ya tatu, sasa yuko Marekani, alinitumia sauti ndefu ya dakika sita. Kule wanacheza ule mpira wa kubeba mkononi. Anasema kuna mtu mmoja anayeanzisha kila mchezo, anasimama nyuma ya wenzake na kuwapigia kelele nani aende wapi, na akiwa mgeni nchi nzima inabishana kama aanze au angoje. Akanipa mfano wa Patrick Mahomes wa Kansas City. Mwaka wake wa kwanza, 2017, alikaa benchi nyuma ya Alex Smith, akacheza mechi moja tu mwishoni. 2018 wakampa timu, akawa mchezaji bora wa ligi. “Alikuwa anajifunza kuongea,” rafiki yangu anasema. “Mkono alikuwa nao tangu zamani.”

Hilo neno la kuongea ndilo lilinigonga, kwa sababu siku mbili kabla beki wangu wa kati alikuwa ameniambia kitu kilekile. Nilimuuliza, wewe unayesimama mbele yao, unamtaka nani nyuma yako? Akafikiri. Akasema, “Kocha, Mukubwa anasema. ‘Acha!’ ‘Toka!’ ‘Nyuma yako!’ Huyu mudogo anakamata mupira muzuri, lakini ananyamaza kama jiwe. Mi sijue kama iko nyuma yangu ao alishaenda nyumbani.”

Timu yetu ina Wabembe, Warundi, Wanyarwanda, Msomali mmoja, na Waganda wawili wa hapa Isingiro wanaozungumza Kinyankole. Uwanjani lugha ni Kiswahili, hakuna nyingine inayotufikisha wote. Mdogo Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Akiwa golini alikuwa anaona kila kitu na hana jinsi ya kukisema haraka. Watu walikuwa wanasema ana woga. Hakuwa na woga, alikuwa anatafuta neno.

Kwa hiyo swali likabadilika. Badala ya kuuliza nani bora, nikauliza kama maneno manne yanaweza kuingia kwa siku kumi. Yangu. Toka. Acha. Nyuma. Mimi Kinyarwanda sikijui. Anayeelewana naye vizuri ni Mkubwa, maana Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana. Nikamfuata Mkubwa nyumbani kwake jioni, nikamwambia ukweli: nafikiria kumwanzisha Mdogo, bado sijaamua, na nakuomba umfundishe. Alikaa kimya mpaka mke wake akatoka nje kuangalia kama bado tupo. Halafu akasema, “Unaniomba nimfundishe kunitoa.” Nikasema ndiyo. Akasema atakuja Jumatano, kama hakuna shamba.

Alikuja Jumatano, na Ijumaa pia.

Kulikuwa pia na maneno ya pembeni, na siwezi kuyaruka kwa sababu nyinyi wote mnayajua. Warundi wawili watatu walisema kocha ni Mkongomani, anamtoa Mrundi aweke Mkongomani mwenzake. Wakati uleule baadhi ya Wakongomani walinivuta pembeni wakisema yule mtoto anazungumza Kinyarwanda, kwa nini nampa goli letu, najua alitoka kwa nani? Mtoto alitoka kwa mama yake, na alikimbia risasi zilezile. Nilipoona pande mbili zinanilaumu kwa sababu zinazopingana, nikajua angalau hapo niko sawa.

Wengine walipendekeza kila mmoja adake nusu. Nikakataa. Kipa wa dakika arobaini na tano anacheza ili asilaumiwe, hatoki kwenye mstari, anasubiri zamu iishe. Wengine wakasema aanze kwanza na mechi rahisi ya hapa Base Camp. Hawa hawajawahi kudaka hapa. Watu wanasimama nyuma ya nyavu, wanakuhesabia makosa, wanamtaja mpaka mama yako. Mbarara hakuna anayekujua. Akifungwa pale, anafungwa mbele ya wageni, na kwa mtoto hiyo ni nafuu.

Alhamisi baada ya mazoezi nikatangaza, wote wakiwa wamekaa chini: Mdogo anaanza, anacheza mechi nzima, na Jumamosi inayofuata tunaangalia upya kwa wote wawili. Glavu za Mkubwa sikuziomba. Huwezi kuchukua nafasi ya mtu na glavu zake siku moja. Tukaazima nyingine, za zamani, kidole kimoja kimeshonwa.

Jumamosi tukapita Kabingo asubuhi, tumebanana kwenye taksi, tukacheza kwenye uwanja wa shule. Dakika ya kumi na kitu, kona. Mdogo akatoka, akapaza sauti “Yangu!” mpaka mimi nikaisikia kule pembeni, mabeki wote wakampisha, na mpira akaukosa. Moja bila. Beki wa kati aligeuka kunitazama. Mimi nikatazama mbele.

Mapumziko mvua ikaanza. Zile glavu za kuazima zilikuwa zimekwisha, zinateleza kama sabuni. Mkubwa alikuwa benchi, hajasema neno tangu Kabingo. Akavua zake, akazitupa kwenye majani mbele ya Mdogo, akasema kitu kwa Kirundi ambacho wenye lugha walicheka na mimi sikukielewa. Kipindi cha pili kona zilikuja nyingine tatu. Alitoka zote tatu, akiita. Ile ya mwisho aliikamata juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko mimi. Tukasawazisha karibu na mwisho, ikaisha moja kwa moja. Kama kulikuwa na mtu wa timu pembeni, hakuja kuongea na sisi.

Jumanne Mkubwa akaja mazoezini moja kwa moja kutoka shamba, udongo mpaka magotini. Hakunisalimia kwanza. Akauliza, “Kocha, Jumamosi ni nani?”

Nikamwambia atasikia Alhamisi, pamoja na wengine. Akaenda kuchukua glavu zake kwa Mdogo, ambaye alikuwa amezifua na kuzianika kwenye mwamba wa goli. Akazinusa, akazivaa, akasimama golini.