Bi Kidude na Ngoma ya Msondo



Juma hili tunamtafakari mwanamke asiyekuwa wa dini yetu, aliyevuta sigara hadharani na asiyeficha kwamba alikunywa pombe. Huyo ni Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Mwenyewe alisema tu kwamba alizaliwa zama za rupia.

Wengi humkumbuka kwa taarabu. Nyimbo alizipokea kwa Siti binti Saad, yule aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Sauti ya Bi Kidude haikuwa laini. Ilikwaruza, ikapanda bila kuomba ruhusa, na msikilizaji hakuwa na budi kutulia. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, akiwa bibi kizee anayesimama jukwaani pekupeku.

Lakini kwa maoni yetu, ukuu wake haukuwa jukwaani. Ulikuwa katika unyago. Alijifunga msondo kiunoni kwa kanga, ngoma ndefu ikiwa katikati ya miguu yake, akaipiga kwa viganja huku akicheza, na mabinti waliokaribia kuolewa wakafundishwa kwa wimbo na kwa mwendo wa kiuno yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Sisi wanaume hatukuruhusiwa kuyaona, na ni vyema iwe hivyo. Yeye mwenyewe, kama alivyosimulia, aliwahi kuikimbia ndoa asiyoitaka, akatembea kwa miguu huku bara. Aliyewafunza wengine mambo ya ndoa alijua uchungu wake.

Tunajua baadhi yenu mtashangaa padre kuusifu unyago. Kuna mafundisho ndani yake ambayo Kanisa haliyakubali, na hatuyafichi. Hata hivyo tuzingatie jambo moja: katika unyago wake hapakuwa na kisu. Palikuwa na ngoma, wimbo, mwili unaocheza na mwalimu mwenye subira.

Huku kwetu Singida kisu kimekuwapo. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 kuwa jinai, lakini utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta takribani wanawake 3 kati ya 10 wa mkoa wetu wamekeketwa. Wapo waliokwepa sheria kwa kuwafanyia watoto wachanga, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa. Sasa tujiulize, mtoto wa miezi mitatu anafundishwa nini? Hapo hapana wimbo wala somo. Kimebaki kisu peke yake.

Wanaosema kwamba kukiacha kisu ni kuiua mila, wamtazame yule bibi wa Unguja. Mila yake ilijaa uhai mpaka ikavuka bahari, na hakuna binti aliyemwaga damu.

Akina mama wa WAWATA hapa Mandewa, tunawaomba mkutane na bibi zenu, mzikusanye nyimbo za Kinyaturu zilizowafunza walipokuwa mabinti. Zile ambazo padre hapaswi kuzisikia, bakini nazo wenyewe.