UNAOA KWA MATAJIRI? INGIA NA HALI YAKO



Ndugu zangu katika imani, kijana mmoja ameniletea ujumbe. Ni fundi cherehani, anaswali, anajitegemea. Anataka kumuoa binti wa mfanyabiashara mkubwa, na binti mwenyewe ameridhia. Rafiki zake wanamshauri achukue mkopo, akodi nyumba ya kifahari na aazime gari siku ya kupeleka posa, asije akadharauliwa. Ananiuliza: "Ustadhi, nifanyeje?" Kwa kuwa wenye swali hili ni wengi, namjibu hapa.

Tuanze na fiqhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, kufu huangaliwa katika dini, nasaba, kazi na mengineyo. Ama mali, kauli iliyo sahihi zaidi aliyoipitisha Imamu Nawawi katika Minhaj ni kwamba haihesabiwi. Lakini kijana wangu usishangilie haraka, maana kitabu hicho hicho kimetoa mfano wa fundi cherehani na binti wa mfanyabiashara, kikasema huyo si kufu yake!

Je, mlango umefungwa? Hapana. Kufu ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia kuiacha, ndoa inaswihi bila tatizo. Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu: mtu huiacha haki yake akiwa anajua anachokiacha. Ukienda na gari la kuazima, hao wazee wameridhia nini? Wamemridhia mtu ambaye hayupo.

Tazama ndoa ya Mtume wetu (s.a.w.) na Bi Khadija (r.a.). Alikuwa na umri wa miaka 25, hana mali, na yeye ni mwanamke tajiri ambaye misafara yake ilifika Sham. Hakumjua kwa mavazi. Alimpa bidhaa zake auze, akaiona amana yake, kisha yeye ndiye aliyepeleka neno la ndoa. Na Mtume (s.a.w.) hakuona haya. Miaka mingi baada ya Bi Khadija kufariki, alikuwa akitaja wazi jinsi alivyomsaidia kwa mali yake.

Nami nina la kusema kwa niliyoyaishi. Nilipoposa nilikuwa mwalimu wa madrasa, kipato changu ni ada za watoto. Baba mkwe alikuwa na maduka na lori. Aliniuliza swali moja tu: unaingiza shilingi ngapi? Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo hiyo kamwambie na binti yangu, usimwongezee." Tukaoana.

Baada ya ndoa alikuwa akileta gunia la mchele. Hakumkabidhi binti yake hata siku moja. Alikuwa akinisubiri mimi, ananikabidhi na kusema, "Mwanangu, hii ni ya nyumba yako." Wazazi wenye uwezo, lishikeni hili. Msaada ukipita pembeni ya mume unamvunja, ukipitia kwake unamjenga. Na ukishatoa, usiufanye kamba ya kumvutia mkweo kila mnapotofautiana.

Kwa upande wa pili, nimekaa kwenye vikao vya suluhu. Namkumbuka mume mmoja aliyeoa kwa mikopo ya kausha damu. Miezi mitatu tu, wadai wakagonga mlango na mke ndiye aliyefungua. Kikaoni yule binti hakulalamikia umaskini. Alisema chumba kimoja angekikubali, ila hajui tena lipi la kuamini katika maneno ya mumewe. Wallahi, hapo mimi msuluhishi nilikosa la kusema.

Nawe binti uliyelelewa kwenye neema, jua kwamba kwa Mashafi chakula cha mke hupimwa kwa hali ya mume, si kwa hali ya nyumba ya baba yako. Tajiri ni mudi 2 kwa siku, wa kati 1 na nusu, asiye na kitu 1. Lakini ikiwa kwenu ulizoea kuhudumiwa, mtumishi ni haki yako hata kama mumeo ni fukara. Ukitaka kumsamehe, msamehe kwa moyo, usije ukamhesabia kila mnapogombana. Na ukitumia mali yako nyumbani, kumbuka Zaynab mke wa Ibn Mas'ud (r.a.), aliyekuwa akimsaidia mumewe kwa mali yake. Alipouliza, Mtume (s.a.w.) akambashiria ujira mara mbili: wa undugu na wa sadaka.

Basi kijana wangu, nenda na mshenga wako, kwa miguu au kwa daladala. Taja cherehani yako, taja unachoingiza, taja na mama unayemlea. Wakikataa, wametumia haki yao, usiwachukie. Wakikubali, wamekukubali wewe, na hutalala ukiogopa hodi ya mdai.

Allah (s.w.t.) awape vijana wetu ndoa zenye ukweli, na awape wakwe zetu vifua vipana. Amin.

Wallahu aalam.