Mizani Juu ya Jukwaa

Mshairi akitaja mizani, anahesabu silabi: nane kwa nane katika mshororo wa tarbia, pasipungue wala pasizidi. Muuza nafaka akilitaja neno hilo hilo, anatazama sahani mbili zinazotafuta utulivu. Mimi nimelikuta mahali pa tatu, juu ya jukwaa la maigizo, kwa kuwa riziki yangu naipata kwa kutundika taa.

Zamani taa na mapazia ya jukwaani yalipandishwa kwa kamba za katani na nguvu za mikono, mifuko ya mchanga ikisaidia upande wa pili. Kazi ile ilifanana na ya baharini, na hadi leo Waingereza wana neno moja kwa kamba za merikebu na za jukwaa. Kiswahili nacho, lugha ya wana wa jahazi, hakina haja ya kuombaomba. Bomba refu linalobeba taa naliita foromali, kama ule mti unaobeba tanga. Magurudumu yanayopitisha nyaya ni kapi. Kamba ya kuvutia ni henza. Vyuma vinavyosawazisha mzigo ni mawe ya mizani, na kile kifaa kinachovipakata, kinachoshuka ukutani foromali inapopanda, nimekiita susu.

Sijisumbui na majina kwa mapambo. Fundi anayepakia mawe huko juu na mwenzake aliye chini aghalabu hawaonani vizuri, na agizo lisiloeleweka mara moja laweza kuua.

Kanuni yenyewe ni fupi. Foromali ikiwa chini kabisa, taa hufungwa kwanza, kisha mawe hupakiwa susuni. Wakati wa kushusha mzigo, mawe hutoka kwanza, taa baadaye. Sababu ni kwamba upande mzito lazima uwe ule uliokwisha kufika kikomo chake cha chini, kwa maana hauna pa kuangukia. Taa zikitangulia kuondolewa, susu lililosheheni mawe huporomoka kutoka juu, foromali hufyatuka kuelekea darini, na henza huwachuna ngozi wanaothubutu kuizuia. Breki ya henza haiokoi: iliwekwa kushikilia kilichokwisha kusawazishwa, si kukamata kinachoanguka.

Tuseme foromali tupu imekwisha kusawazishwa. Tunafunga taa 12 za kilo 10 kila moja, pamoja na nyaya za umeme za kilo 20. Huo ni mzigo wa kilo 140, nao unadai mawe 14 ya kilo 10. Wakati wa kupakia, hakuna anayeruhusiwa kusimama chini ya mawe. Yakitimia, mtu mmoja huivuta henza bila kutoa jasho, na methali yetu hupata maana mpya: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hapo ndipo mkono hudanganyika. Uzito haukutoweka, umepata mwenzake tu, na sasa zaidi ya kilo 280 zinakwenda kwa pamoja juu ya vichwa vya watu. Zikishika kasi, hazisimamishwi kwa mkono uleule uliozianzisha. Ndiyo maana mvutaji hutangaza kabla ya kuvuta, huanza taratibu, wala haondoi macho kwenye foromali mpaka itulie.

Mshororo uliopungua silabi waweza kusubiri hadi kesho, mshairi akautengeneza kwa utulivu. Jukwaani mizani hutakiwa katika kila hatua, tangu taa ya kwanza hadi jiwe la mwisho.

Ninyi mliokulia pwani na kusafiri majahazini, nisahihisheni majina haya: pengine foromali haipendi kuitwa hivyo nchi kavu, pengine susu lina jina lililo bora. La mizani tu ndilo nitakalolishikilia.