Spiriti ya Vidonda na Gari la Mwajiri

Wengi mnajua zawadi ambazo mamajusi walimletea mtoto Yesu: dhahabu, uvumba na manemane. Mbili kati ya hizo tatu ni utomvu wa miti uliokauka. Hata leo, huko kaskazini kwetu, Wajir na Mandera, wafugaji hukusanya ubani na kuuza. Mti ukijeruhiwa, hutoa utomvu kufunga kidonda chake, basi. Mti hauna ubaya na gari la mtu.

Lakini waulize madereva wa Spring Valley! Ukitoka Lower Kabete Road ukaingia kwenye barabara zile za ndani, kuna saiprasi, jakaranda na mikaratusi kila upande. Kivuli kinapendeza. Asubuhi boneti imejaa matone yanayonata.

Ijumaa usiku kijana wetu mmoja, dereva katika boma moja la huko, alinipigia. "Pasta, niombee. Gari la mdosi limejaa ulimbo wa saiprasi na anarudi safari Jumatatu. Akisema lipakwe rangi upya, pesa zitatoka kwa mshahara wangu, na karo ya mtoto bado." Nikamuuliza kama amegusa chochote. Akasema mlinzi wa geti jirani amemletea petroli na waya wa kusugulia sufuria. Nikamwambia aviweke kando mpaka nifike.

Kabla ya chuo cha Biblia nilifanya kazi gereji miaka miwili, kwa hiyo hapa sihubiri nadharia. Rangi ya gari ina ngozi ya juu, angavu kama kioo na nyembamba kuliko unywele. Hiyo ndiyo inayong'aa. Waya huichana, na mkwaruzo huo hautoki kwa sabuni. Thina nayo hula rangi yenyewe.

Halafu si kila kinachonata ni kitu kimoja. Chini ya jakaranda, mara nyingi ni maji ya sukari yanayodondoshwa na wadudu wadogo wanaofyonza mti. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya gari yanatosha. Ulimbo wa saiprasi una mafuta, maji hauyajali. Huo unataka spiriti, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda.

Jumamosi saa moja asubuhi, jua halijawa kali, tulisukuma gari hadi kivuli cha ukuta. (Bodi ikiwa moto spiriti hukauka kabla ya kufanya kazi.) Tukaliosha kwanza, maana vumbi likibaki unasugua kwa mchanga. Tukajaribu spiriti mahali pasipoonekana, chini ya mlango. Kisha kitambaa laini kilicholowa kikalazwa juu ya tone, dakika moja hivi, bila kusugua. Tone likalainika, tukalifuta taratibu, kitambaa kikageuzwa upande safi. Tone baada ya tone. Mwisho tukaosha tena na kupaka nta, kwa sababu spiriti huondoa nta pia.

Kijana alikuwa na haraka, mkono wake unataka kukandamiza. Nilimwelewa. Mtu mwenye hofu husugua. Nilifikiria dada aliyerudi kanisani mwezi uliopita baada ya muda mrefu nje, na jinsi baadhi yetu tulivyomkimbilia na maswali mlangoni kabla hajapata hata kiti. Yeremia alipouliza kuhusu zeri ya Gileadi, alikuwa anauliza dawa ya watu wake waliojeruhiwa. Sioni mahali alipoomba waya.

Saa tano boneti ilikuwa safi, isipokuwa tone moja karibu na kioo. Lilikuwa la zamani, limekaa juani wiki nyingi, na lilikuwa limeshaingia kwenye ngozi ile. Limeacha kivuli kama ukucha wa mtoto. Fundi anaweza kulipunguza kwa kupiga polishi. Kijana akaniuliza kama anyamaze, pengine mdosi hataliona. Tulikaa kwenye ukingo wa maua tukaongea, halafu tukaomba. Ameamua kumwonyesha mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Leo ni Jumapili usiku. Ndege inatua kesho saa mbili asubuhi. Mkiamka kuomba, mtajeni mbele za Bwana, na mke wake pia, ambaye bado hajaambiwa.